Kidole ya Mutale kwenye Afishi

Annexe, Lubumbashi, siku ya tatu ya juma

Kwako yaya yangu mukubwa Ephraïm, kule Sakania,

Mutale amepotea. Tulimupoteza siku ya Mungu, nyuma ya misa ya kwanza, kwenye ukuta wa kanisa. Naanza na ile mbele ya salamu. Lakini tulilelewa muzuri, basi: uko muzima? Bijou na batoto beko bazima? Huku Mama anakula, mugongo inamusumbua kidogo tu, na kila asubui anauliza juu yako. Mimi ningali na mashine yangu ya fotokopi, ningali nauza bitabu yetu.

Ile siku sosiete moja ya kuchimba madini ilibandika pale afishi, karatasi kubwa yenye picha. Juu yake Mutale wetu mwenyewe, ule wa bitabu yetu ya kuchora, na kofia yake ya taa na kamba kwenye bega, amesimama ndani ya pango kubwa. Juu ya pango kumechorwa manyumba yetu. Hata dirisha ya bluu ya Mama inaonekana. Mutale anasema ametembea chini ya kartie yote, mutaa yetu muzima, chini kuko tupu, udongo itaanguka, tutoke mbio. Na pa mwisho, kidole ya udongo.

Unajua ginsi bantu banaamini ile kidole. Bitabu kumi na moja tulifanya, mimi na wewe, na haukuchora hata siku moja pango yenye haujaingia. Ulikuwa unarudia na udongo ya kule ndani ya mufuko, unailowanisha, unagandamiza kidole gumba kwenye ukurasa ya mwisho. Pa soko batoto banafungua kitabu kwanza kule nyuma, banaangalia kidole, njo banalilia kununuliwa. Kwa hiyo siku ya Mungu hakuna mutu aliomba ushahidi ingine. Balisema Mutale hadanganyi.

Mangaribi baba Donat, shefu wa kartie, alituita. Alisema sosiete itarudia siku ya tano, ni kusema keshokutwa, saa sita ya muchana, na kila nyumba itatia kidole kwenye karatasi ya kuhama. Nyumba makumi sita na ine, zote zihamie kule mbele ya Luano, mu pori, pahali hawajatuonyesha hata bomba moja ya maji. Mama Cathy, jirani yetu, alicheka. Aliuliza kama ile pango iko kubwa vile, juu ya nini makamio ya sosiete inapita juu yake kila siku na haijamezwa hata gurudumu. Balimufokea anyamaze: Mutale ameona, yeye ameona nini, masufuria yake? Kisha balinigeukia mimi. Wee Wivine, mudogo wa mwenye kuchora, ile kidole ni ya yaya yako?

Niliinamisha kichwa. Ile baliichukua kama ndiyo. Kesho yake nyumba tatu zilikuwa zimeisha kutolewa manjanja ya paa, kuta zinabaki wazi kwa jua. Mama alifunga masufuria ndani ya kitambaa ya kikwembe, akakaa juu yake, akasema mutoto wake hawezi kumuhamisha bure.

Sasa nikuambie jambo Mama hajue. Jana nilishuka ndani ya kisima ya Papa, ile yenye ilikauka. Chishimba, jirani wetu muchimba visima, alishika kamba. Aliniuliza kama nimefanya testamenti, na nani atarithi fotokopi. Metre kumi na mbili, yaya. Kamba ilikuwa inalia kwenye mbao, na mawe kidogo-kidogo yananiangukia mu shingo. Chini niligonga mwamba na nyundo, pembe zote ine, sawa vile ulinifundisha: jiwe yenye kuko pango chini yake inaitika. Haikuitika. Niligonga mpaka mukono ikakufa ganzi.

Udongo ya kule iko mweupe sawa bunga. Niliipeleka mpaka kanisani, nikaishika karibu na afishi. Ile ya afishi iko nyekundu.

Nilikuwa bado nataka ikuwe balikuiba kidole kwenye kitabu yetu moja ya zamani. Nilifungua bitabu yote kumi na moja: kidole ya afishi haikutoka hata kwenye moja. Iko mupya. Na kovu ya wembe inaikata katikati, palepale penye inakata yako. Haukushuka, yaya. Ulitia kidole juu ya pango yenye haiko. Balikupa nini, siulize.

Nikisema mimi, bitabu yetu itakufa pamoja na Mutale, na mikate yangu njo ile. Lakini nitasema. Ukisema weye, pengine batoto batamusamehe.

Simu yako inaita tu. Njo maana Adalbert, shofere, analeta barua hii mukononi na atakungoja mpaka upande kamio ao ukatae. Mama anakutuma salamu nyingi, anasema usisahau koti. Munisalimie Bijou, mupakate batoto kwa niaba yangu.

Siku ya tano, saa ine ya asubui, nitakuwa mbele ya ile ukuta. Utasimama pale na kusema na kinywa yako kama haukushuka? Ndiyo ao hapana. Saa ine na dakika moja, nafungua kinywa mimi.

Mudogo yako,
Wivine