Mbegu ya Togwa

Wazo, 12 Machi 1995

Mwanangu Noela,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mie sijambo, ila mgongo na vumbi, na hayo umeyazoea. Je, wewe hujambo huko Vwawa? Baridi haijakuzidi?

Habari ya hapa si njema. Vitoto vya yule nguruwe mweusi nimeviachisha ziwa juma lililopita, na tangu hapo vinaharisha maji ya kijivu. Vitatu vimekufa. Nilivipa ile dawa ya unga ya manjano, vikapata nafuu, kisha vikarudia. Wewe ndiye bibi mifugo wa serikali, niambie nifanye nini. Tangu nipunguzwe kazi, na tangu mama yako atutoke, hawa ndio ninaoongea nao asubuhi.

Misa ya mwaka ya mama yako ni Juni. Utakuja?

Baba yako,
Gaudens


Vwawa, 1 Aprili 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, pole sana kwa vitoto. Mie mzima.

Baba, acha hiyo dawa ya unga. Kitoto cha nguruwe kinaponyonya, utumbo wake hujaa vijidudu vyema vinavyoishi kwa maziwa. Ukikiachisha ghafla, wale wema wanakosa chakula na wabaya wanachukua nafasi. Dawa yako inaua wote, na wabaya ndio wa kwanza kurudi. Kwa hiyo punguza pumba, banda liwe kavu, maji safi yasikosekane, na kila asubuhi uvipe togwa iliyochachuka vizuri, kidogo kidogo. Mle ndani vijidudu vyema vimo tele, tena hai. Tumia chungu cha mama. Hakuwahi kukiosha ndani, alikuwa anabakiza togwa kidogo iwe mbegu ya nyingine.

Juni sitaweza, baba. Tuna kazi ya chanjo vijijini.

Binti yako,
Noela


Wazo, 23 Aprili 1995

Mwanangu Noela,

Natumaini u mzima. Mie nipo, nashukuru Mungu.

Chungu kilioshwa. Baada ya mazishi kina mama wa jumuiya waliosha vyombo vyote vya nyumba, si unajua desturi. Wewe ulikuwa chumbani unalia. Apolonia, kiongozi wao, alikisugua kwa mchanga na majivu mpaka ndani kikawa cheupe, akakifudikiza jikoni. Alifanya kwa upendo. Tangu siku ile sikukigusa. Juzi nimekifudua, nikapika uji, nikatia kimea cha kununua sokoni, nikangoja. Kilichotoka ni ukungu wa kijani na harufu ya soksi. Nacho kitoto kingine kimekufa.

Jirani yetu Salumu ananipungia mkono akiwa barabarani. Zamani alikuwa anakuja tunacheza bao, lakini banda sasa limefika hadi uani, naye ni mtu wa swala, simlaumu hata kidogo. Ila kuna siku jua linazama sijafungua mdomo ila kwa nguruwe.

Baba yako,
Gaudens


Vwawa, 14 Mei 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yangu njema.

Baba, mbegu ipo! Nilipokuwa naondoka kuja kazini mama alinijazia togwa kwenye chupa, akaniambia nisithubutu kuimaliza. Sikuimaliza. Tangu hapo napika, nabakiza, napika tena juu yake. Nimempa Projestus, dereva wa basi la Dar, chupa moja. Kizibo nimekilegeza makusudi. Usikikaze, itapasuka.

Pika uji, uuache upoe hadi kidole kivumilie. Tia kimea, ndipo umimine mbegu, kisha funika. Ikichachuka usitumie yote, bakiza ya chini. Na chungu usikioshe tena, hata Apolonia akija na gunia zima la majivu.

Binti yako,
Noela


Wazo, 11 Juni 1995

Mwanangu Noela,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta salama.

Chupa ilifika. Nilimngojea Projestus pale Ubungo njia panda, akanikabidhi akilalamika kwamba gari zima linanuka uchachu. Nikaonja palepale, funda moja tu. Ilikuwa togwa ya mama yako Yustina, mwanangu. Ileile, na ule ukali unaokuja mwishoni. Nililia mbele ya wauza machungwa, mzee mzima, mmoja akanisogezea boksi nikae.

Vitoto vimepona. Mavi yamekaza na vinapigana kwenye chombo kama wahuni. Lakini nimeharibu jambo moja. Salumu alinusa togwa kutoka njiani, akaja mpaka getini mwenyewe, akaomba kikombe kimoja, maana mama yako alikuwa anampelekea jagi kila Ramadhani jua likizama. Nilifurahi mno kumwona, nikanyanyuka haraka kwenda kuchota. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa kopo la nguruwe ndilo ninalochovya mle chunguni. Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia. Akasema, "Ahsante kwa kuniambia, bwana Gaudens," akaondoka zake.

Misa ilikuwa nzuri. Nilikaa benchi letu. Pembeni yangu hakukaa mtu.

Baba yako,
Gaudens


Wazo, 20 Julai 1995

Mwanangu Noela,

Hujambo? Kimya chako kimenitia wasiwasi. Naona vitoto tumbo limerudi tena. Nifanyeje?

Baba yako,
Gaudens


Vwawa, 12 Agosti 1995

Baba,

Shikamoo. Samahani, kazi nyingi. Endelea na togwa, maji safi, banda kavu. Na uwe na vyungu viwili, cha watu na cha nguruwe, mbegu inagawanyika.

Noela


Wazo, 14 Septemba 1995

Mwanangu Noela,

Salamu nyingi. Mie sijambo, sijui wewe.

Vitoto bado vinaharisha. Safari hii ni ya manjano. Au niseme ni ya kahawia. Niandikie kwa urefu kama ile barua ya Aprili, ulieleza vizuri sana habari za wale vijidudu wema, nimeisoma mpaka inachanika pale ilipokunjwa. Je, wakishaondoka wakakaa mbali muda mrefu, huwa wanarudi?

Baba yako,
Gaudens


Vwawa, 8 Oktoba 1995

Baba yangu,

Shikamoo baba. Shikamoo tena.

Barua yako nimeisoma ofisini huku nacheka, halafu nikaacha kucheka. Nguruwe aliyeachishwa ziwa Machi, Septemba si kitoto. Huyo ni wa kutafutiwa dume. Sijasikia nguruwe mkubwa hivyo akiugua ugonjwa wa kuachishwa ziwa kwa miezi sita.

Baba, nakuwazia ukikaa peke yako unatafuta rangi ya kuniandikia, na moyo unaniuma. Chanjo za Juni zilikuwepo kweli, ila wenzangu wangeweza kunishikia. Niliogopa kuingia jikoni nisimkute. Huku napika togwa yake kila juma, nainywa na nani? Nakaa na kikombe naangalia ukuta. Kumbe tumekuwa wawili tunakunywa togwa moja, kila mtu na ukuta wake.

Nimeomba likizo, nimepewa. Nitashuka Ubungo Jumamosi ya kwanza ya Novemba, nije tumwombee mama kaburini. Usiniandikie tena habari za matumbo.

Wanarudi, baba.

Mwanao,
Noela


Wazo, 2 Novemba 1995

Mwanangu Noela,

Salamu. Barua hii haitakukuta, utakuwa umeshapanda gari. Naandika kwa mazoea tu, siku hizi Alhamisi ndiyo siku yangu ya kukuandikia, na nisipoandika sijui mikono niiweke wapi.

Nguruwe hawajambo. Nimenunua chungu cha pili, hicho ni chao. Cha mama yako nilikifuta ndani, nikakiunguza kwa moto wa kuni, nikaanza upya kwa ile niliyoibakiza kwenye chupa yako, ambayo kopo la nguruwe halikuigusa. Nilimweleza Salumu alipopita barabarani, na jana amekuja na kikombe chake mwenyewe kutoka nyumbani kwake. Alisimama getini, akanywa chote, akasema, "Hii ni ya marehemu." Halafu akakaa. Hatukucheza bao, tulikaa tu.

Leo nimepika yako. Nimeifunika kwa ile khanga yake ya kijani, imeanza kutoa povu, na mie nimekaa jikoni naisikiliza.

Barua nitakupa mkononi pale Ubungo. Usiisome mbele yangu.

Baba yako,
Gaudens