Leo Niharibieni Sabuni

Rumonge, Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi barazani na chai yako ya tangawizi, na kelele za watoto wa kaka Shabani pembeni. Mimi nakula, nalala, na malaria ya mwezi uliopita imeniacha. Hali yako nitaiuliza mwishoni, na nina sababu. Kwenye simu huwa naanza na hali, unanijibu kwamba ninyi wazima, hofu ni kwangu tu niliye mbali, kisha salio linakwisha nami sijajua kitu.

Jambo lenyewe ni hili. Barua zako mbili za mwisho ziliandikwa kwa mwandiko wa wifi Mwajuma. Zamani uliandika mwenyewe, na hukumwachia mtu kalamu hata siku ya homa. Nilipokuuliza kuhusu macho ulisema ni vumbi la Tabora. Huku Burundi nako, ushirika wa akina mama ulionileta kufundisha sabuni unataka nibaki mwaka mwingine, nikafungue darasa la pili Nyanza-Lac, na wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Kama ni vumbi, nabaki. Kama macho yanaondoka, narudi nyumbani. Nahitaji kujua ukweli, na wewe ni hodari wa kusema "mzima".

Kazi inakwenda. Tuko kwenye banda la mabati nyuma ya mtambo wa kukamulia mawese. Banda la kwanza lilikuwa karibu na ziwa, maji yakapanda yakalichukua, tukahamia juu kidogo. Petroli ni ya kubahatisha, kwa hiyo mzigo wetu kutoka Bujumbura hufika unapopenda wenyewe. Nimezoea. Ndagala wa hapa, yaani dagaa, ni watamu kuliko wa Kigoma, ila usimwambie shemeji yako wa Ujiji kwamba nimesema hivyo.

Wanafunzi wangu wanatoka mjini na vijiji vya Gatete na Kigwena. Wana adabu hadi wananichosha. Kila mwisho wa somo niliwauliza kama wameelewa, nao walijibu kwa pamoja, "Ego, mwalimu," ndiyo ya Kirundi hiyo, wakaongeza murakoze, yaani asante, wakaenda zao. Nami nilirudi nyumbani nimefurahi. Kisha mmoja wa Gatete, aliyekwisha kumaliza, akatengeneza sabuni yake ya kwanza. Ikatoka laini, mafuta yanaelea juu, naye akawatangazia watu sokoni kwamba ni hali ya hewa. Nilikwenda kuiona. Alikuwa ameikoroga kidogo tu akaiacha. Nilipomuuliza kama sikumfundisha, alisema nilimfundisha vizuri sana.

Mama Asha, prezida, yaani mwenyekiti, wa ushirika wetu, ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba kumwambia mwalimu hujaelewa ni kumwambia mbele za watu kwamba hajui kufundisha, na mimi ni mgeni wao, nani anitie aibu? Kwa hiyo ile "ego" yote niliyokuwa nikiikusanya ilikuwa heshima. Mama, nilikasirika. Unaijua hasira yangu, haina kelele, inabadilisha ratiba.

Siku iliyofuata niliwaambia, "Leo sitaki sabuni. Leo niharibieni." Kila mmoja aseme: kama angetaka sabuni hii iharibike kabisa, angefanya nini? Walicheka huku wameziba midomo, kisha wakachangamka, maana kuna aibu gani katika kujua kuharibu? Mmoja alisema angepunja mafuta. Mwingine angeiweka mvuani ikiwa bado haijaganda. Goreth, ambaye hajawahi kunyoosha mkono tangu nimjue, alisema angemwaga maji juu ya kostiki. Nikaitikia kwa kichwa, na hapo Hadija akapinga.

Hadija wa Kigwena ndiye mwanafunzi wangu bora. Hatua zote anazisema bila kusita, na mtoto wake wa kunyonya yuko mgongoni muda wote wa somo. Alikwisha kununua kostiki yake na wiki ile ile alikuwa anaanza kazi nyumbani kwake.

"Iyo haiharibu kitu," alisema. "Maji mu kostiki, kostiki mu maji, yote iko moja. Bora viingie mu beseni."

Na wenzake kadhaa wakaitikia kwamba ndivyo.

Kostiki, mama, ni ile dawa nyeupe inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na hula ngozi. Ukiitia polepole ndani ya maji inapata moto kisha inatulia. Ukimimina maji juu yake inachemka papo hapo na kukurukia usoni. Nilitaka kumkatiza Hadija nihubiri. Nikajizuia, nikamuuliza: uko nyumbani, beseni ni kavu na tupu, unaanza na nini? Kisha nikanyamaza. Wenzake wakaanza kumnong'oneza, nikawaambia wamwache. Mikono yake ikawa inatengeneza sabuni hewani.

"Kostiki," alisema. "Kisha maji. Sababu hapa kwako maji inakuwaga mu beseni tayari."

Ni kweli. Maji ya bomba hapa hutoka alfajiri tu, kwa hiyo mimi huyajaza mabeseni kabla hawajafika. Tangu darasa lianze hawakuwahi kuniona nikimimina maji. Kwao maji yalikuwa sehemu ya beseni, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba hiyo nayo ni hatua ya kufundishwa. Nikamuuliza mtoto atakuwa wapi wakati huo.

"Mu mugongo," alisema.

Nilikaa juu ya ndoo. Baadaye, tulipobaki wawili, nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema kwamba hajui. Hakuona haya hata kidogo.

"Mwalimu, ungeniuliza kama najua, ningesema najua. Haikuwa kukudanganya. Nilikuwa naona najua."

Sasa mabeseni yanawangoja makavu, na kila somo linaanza kwa kuharibu. Mama Asha haupendi sana mtindo huu, anasema darasa limekuwa kama kituo cha polisi. Hadija ameanza kazi Kigwena, mtoto anamwacha kwa bibi yake, na ameniletea kipande cha sabuni. Ni kigumu mno lakini kinatoa povu.

Maneno yake hayajanitoka. Nilikuwa nakuhesabu wewe kuwa mwongo, mama, mwongo wa huruma. Sasa nadhani huenda hunidanganyi. Labda wifi anakujazia beseni kabla hujafika. Anakuchagulia mchele, anakutilia uzi kwenye sindano, anakushika mkono kwenye ngazi akiwa anapiga soga, na wewe unaona siku imekwenda kama siku zote. Naogopa, mama. Usiku nikiwaza juu ya macho yako silali vizuri, na sitaki kukuficha hilo.

Nisalimie kaka Shabani, mwambie kanzu yake nimeipata na nitaituma na mtu wa uhakika. Mama mdogo umwambie dua zake zinanifikia. Watoto uwabusu wote, yule mdogo mara mbili, na mzee jirani, fundi wetu wa baiskeli, usimsahau.

Sasa swali langu, na sikuulizi kama u mzima. Siku Mwajuma akienda sokoni na watoto wakiwa shule, ukabaki peke yako nyumbani, ni kitu gani unakiacha mpaka mtu arudi?

Wifi Mwajuma, wewe unayemsomea barua hii, ukifika hapa nyamaza. Usimsaidie. Acha ajibu mwenyewe, hata akikawia, uandike atakavyosema.

Mwanao,
Saida