Mbu Nje, Baba Nje

Jumatatu, 10 Machi

Nimelipata! Tundu la bomba chini ya sinki. Kumbe huo ndio ulikuwa mlango wao mkuu. Nilifunga mapazia yote mchana, nikalala chali sakafuni, nikatafuta jua linapopenya. Linapopita jua, mbu anapita. Nimeziba kwa mpira na gundi. Na lile tundu la sakafuni karibu na jiko nimelisokomeza kitambaa.

Flaviana anacheka. Eti nakagua kama mtu anayetafuta bomu. Acheke. Mimba ikiwa ya miezi minne alilazwa na malaria, mie nikakaa pembeni nikiangalia dripu. Sasa ana saba. Sitaki kuiona tena ile dripu.

Nyumba yetu ni gari. Bosi alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akizunguka nalo Afrika nzima – kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja, vyote ndani. Injini ikafa. Likaegeshwa kwenye kiwanja chake hapa Chanika, sie tukapewa tukae, tulinde kiwanja. Nashukuru. Ila linavuja wadudu kila upande.

Jumanne, 11 Machi

Nimekisoma kibati kilicho kando ya jiko. Lile tundu la sakafuni ni la gesi kutokea, ikitokea imevuja. Lisizibwe! Na mie nimeliziba, tukalala. Nimechomoa kitambaa nikabandika wavu wa waya. Flaviana sijamwambia.

Usubi ni ishu nyingine. Wadogo mno, wanapita kwenye nyavu za madirisha kama hawazioni. Flaviana akafungua sanduku, akatoa shela yake ya harusi, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye kidirisha cha paani. Nikasema hapana, siyo hiyo. Akasema, "Kwani naolewa tena?"

Leo nikilala naangalia juu, naiona.

Alhamisi, 13 Machi

Baba amepiga simu niko kazini, Chang'ombe. Jicho la kushoto limeingia ukungu, amepewa rufaa ya kuja kupimwa Dar. Anaingia Jumamosi na basi la Tukuyu. Atafikia kwangu. Nikasema karibu sana Baba. Ningesema nini?

Chumba ni kimoja.

Kwetu, wazee wa rika la Baba hawakai chumba kimoja na mke wa mtoto wao. Hawatazamani, hawasemeshani. Ni heshima, tena kubwa. Harusini Baba alikaa meza ya mwisho kabisa, Flaviana akadhani ndiyo meza ya wazee. Kwao Ifakara mkwe ni mtoto wa nyumbani, anamletea baba maji mkononi.

Nilitaka kumwambia leo. Alikuwa anapika huku anaimba. Nitamwambia kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Sikumwambia.

Baba ameshuka kwenye bajaji na kikapu cha ndizi. Flaviana akatoka na maji ya kunywa, akapiga magoti na tumbo lile, "Shikamoo baba." Baba akageukia mpapai. "Marahaba," akauambia mpapai. Glasi ikabaki hewani mpaka nikaipokea mie.

Flaviana akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Baba amekataa kuingia. Amekaa nje kwenye kigoda. Jua lilipozama wakaja – wa kwetu wote, mbu na usubi, wale niliowafungia mlango wiki nzima. Nilimsikia anavyojipiga. Paa! Paa! Huko Tukuyu kuna baridi, damu yake hawa mbu hawajaizoea wala yeye hajawazoea wao. Nimemfungia chandarua, pembe mbili kwenye kioo cha gari, mbili kwenye mpapai. Lakini hawezi kuingia kitandani saa kumi na mbili jioni kama mtoto.

Mama Mwajabu, jirani, akachungulia juu ya ukuta: "We baba kijacho, mzee unamlaza nje? Hata kuku wangu wana banda!" Akasema kwake chumba kipo. Baba akamshukuru. Kisha akaniambia chinichini kwamba amekuja kwa mwanawe, hakuja kwa jirani.

Jumapili, 16 Machi

Flaviana amelia. Anasema Baba hamtaki kwa sababu si wa kabila letu. Ndipo nikamweleza. Yote. Akaniangalia.

"Ulijua tangu Alhamisi?"

"Ndiyo."

"Na mie nikapiga magoti mbele yake kama mwehu."

Nikasema nilikuwa naogopa. Akasema anajua, mie naogopa kila kitu. Hakusema kwa ubaya. Baadaye akasema, "Si jicho lenyewe ni bovu, hata hanioni vizuri!" Tukacheka mpaka akashika tumbo. Nikamwambia siyo macho, ni heshima. Akasema basi heshima yake ataiheshimu, ila mtu asiliwe na mbu mlangoni pake.

Nje: Paa!

Jumatatu, 17 Machi

Mikono ya Baba imejaa vipele. Nimempaka mafuta ya mwarobaini. Anatania, eti mbu wa kwetu hawana adabu, hawajui kumwamkia mzee. Nilitaka kusema, Baba, ingia ndani. Nimefungua mdomo. Nikauliza kama anataka chai.

Jumanne, 18 Machi

Mke wangu!

Nimerudi kazini nimekuta ameshona. Amechukua chandarua cha kliniki, akakizungushia khanga mbili, akakining'iniza kwenye dari kuzunguka kitanda chote. Haonekani. Kumebaki sauti tu huko nyuma: "Toka ukamwambie baba kwamba vyumba sasa ni viwili."

Nikatoka, nikamwambia. Baba akauliza kama ni khanga nzito. Nikasema nzito, Baba. Akavua viatu, akaingia kinyumenyume, mgongo kwanza, mkono umeshika mlango. Nikafunga haraka – wawili tu ndio waliopenya, nikawaua.

Amekaa kiti cha mbele, uso kwenye kioo cha dereva. Halafu:

"Mwambie ndaga. Mwambie nashukuru."

Hatua nne hazifiki kati yao! Nikageuka: "Baba anasema anashukuru."

"Nimesikia," kikajibu chandarua. "Mwambie karibu sana."

"Anasema karibu sana."

"Muulize kama mtoto anacheza."

"Mwambie anacheza usiku kucha, kama baba yake anavyojigeuza."

Baba alicheka. Tangu nizaliwe nimemsikia akicheka hivyo mara chache. Leo amelala ndani, kwenye viti vya mbele.

Jumatatu, 24 Machi

Jicho wamempima, atafanyiwa upasuaji wiki ijayo. Nimekuwa mkalimani wa watu wanaosema Kiswahili kimoja. Nachoka, lakini sitaki kuacha. Jana Baba kamuuliza, kupitia kwangu, ile nguo nyeupe paani ni nini. Flaviana akajibu, kupitia kwangu, ni shela. Baba akaitazama hivyohivyo kwa jicho moja. Akasema mwambie imekaa vizuri.

Alhamisi, 27 Machi

Baba ana homa. Imeanza mchana, anatetemeka chini ya blanketi langu na la Mama Mwajabu. Ndani hamna mbu hata mmoja, nimetafuta kila kona. Ni zile jioni tatu za kigoda. Jioni ambazo mie nilikuwa nauliza habari za chai.

Mvua inapiga. Bajaji wa kutupeleka zahanati amesema anakuja, dimbwi la njia panda likipungua kidogo. Nimetoka kumwangalia barabarani. Ilinibidi niwaache wawili, bila mkalimani. Nimekwenda, sijamwona, nimerudi mbio. Nimefika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, nikasikia sauti ya Flaviana:

"Baba. Maji nimekuwekea mezani, upande wako wa kulia. Nishajifunika."

Mvua tu.

Kisha glasi ikagonga meza.

"Nimeyapata, mwanangu."

Hakusema mwambie.

Nimekaa kwenye kigoda cha Baba, chini ya turubai, naandika nimeegemeza daftari gotini. Taa ya bajaji bado siioni. Ndani wanaongea polepole, anamuuliza kwao Ifakara wanalima nini, naye anamjibu mpunga, baba, na miwa kidogo. Meno yanamgongana, lakini anauliza tena.

Mbu wananiuma miguu yote. Sijafungua mlango.