Kila Nchi na Mzigo Wake

Kasulu, Jumapili jioni, Novemba 1973

Hasira yangu haijapoa, nami namwomba Mungu radhi kwa kuandika nikiwa katika hali hii siku yake.

Baada ya ibada, katibu wa kijiji alitueleza mkutanoni kwamba katika kuwasaidia wakimbizi wa Burundi kila nchi hujichagulia mzigo wake. Sisi tumepokea watu. Nyingine zimeleta mablanketi, na nyingine zimeleta salamu.

Nilikubaliana na wenzangu kwamba hiyo si haki. Lakini jirani yangu Simoni akasimama.

"Basi na sisi tuchague. Mzee Petro, huyo mama wa kwako aondoke kesho na wanawe."

Wengi wakapiga makofi. Yozefina, mkimbizi ambaye hulala na watoto wake katika jiko la marehemu mke wangu, alikuwa ameketi nyuma yao akisikia kila neno.

"Ndugu Simoni, uniwie radhi," nikasema. "Kwenye ujima wa kulima hukuja, ila kwenye pombe ulifika wa kwanza. Tulikunyima kibuyu wewe. Hatukumfukuza mgeni wa mtu kwa kosa lako."

Wakacheka, na Simoni naye akacheka. Halafu wakainua mikono, wakaamua Yozefina aondoke.

Hilo ndilo linaloniumiza. Nchi zilizokwepa mzigo hazikuwapo kusikia ghadhabu yetu, basi tukamtwisha yeye, kwa kuwa alikuwa karibu.

Nimemwambia Yozefina asifunge vitu vyake. Wakija asubuhi watanikuta mlangoni, nami nitawasalimu vizuri, mmoja mmoja, kabla ya kuwakatalia.