Nihamie Mtaani, au Nibaki Hosteli na Twiga?

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijafanya jambo nitakalojutia, maana maji yamenifika shingoni na hapa chuoni sina wa kumwambia, kwa sababu kila ninayeweza kumwambia anamfahamu mwenzangu.

Mimi ni binti wa mwaka wa tatu, nasomea usanifu majengo, na tangu mwaka wa kwanza nakaa chumba kimoja na msichana ambaye hapa nitamwita Twiga kwa urefu wake, yeye anasomea hisabati. Chumba chetu kiko ghorofa ya juu, kina vitanda viwili, meza moja, na kabati ambalo mlango wake haufungiki mpaka uuinue kidogo. Mwanzoni kilitutosha kwa sababu kazi zangu zilikuwa ndogo, lakini sasa nachora michoro mipana kuliko godoro langu na natengeneza mifano ya majengo kwa kadibodi na gundi, kazi zote nazifanya sakafuni nimepiga magoti, Twiga akitaka kutoka inabidi aruke, na muhula uliopita jirani aliyekuja kuazima pasi aliikanyaga shule ya kadibodi niliyokuwa nimeijenga wiki nzima, akaniomba radhi, nikamwambia haidhuru, halafu nikaenda bafuni nikalia.

Wenzangu wawili wa darasani wamepata nyumba mtaani, nyuma ya karakana ya useremala, ina vyumba vitatu, jiko letu wenyewe, na sebule yenye dirisha kubwa inayomeza meza mbili za kuchorea na bado watu wanapita. Wamenishikia chumba kimoja. Nilikwenda kuiona, mama mwenye nyumba akatutembeza chumba kwa chumba akituonyesha bomba lipi linabana na lipi linavuja, akatuambia siku za maji na masharti ya geti, na mimi nilikuwa namsikia kwa mbali tu kwa sababu nilishaona mahali nitakapoweka meza yangu. Najua hosteli ina mazuri yake, maji hayakatiki, maktaba iko karibu, mlinzi yupo, zahanati ya chuo iko nyuma ya bwalo, ila huwezi kuchemsha hata chai bila matroni kunusa, na ukiwasha taa mwenzako halali. Hayo yote nimeyapima, na kama ingekuwa kupima majengo peke yake nisingekusumbua.

Kinachonifunga miguu ni kwamba Twiga ana kifafa. Hakimshiki mara kwa mara, kinamjia akichoka sana au akisahau dawa. Mara ya kwanza aliangukia katikati ya vitanda vyetu hata hatujajuana vizuri, nikadhani anakufa mbele yangu, na alipozinduka yeye ndiye aliyenituliza, akanifundisha nimlaze ubavu, niondoe vitu vya karibu, nisimtie chochote mdomoni, nisubiri, na kikizidi dakika tano niite watu wa zahanati. Kisha akaniapisha nisimwambie mtu yeyote. Tangu hapo mimi ndiye ninayejua, mimi peke yangu hapa chuoni. Mama yake mdogo, aliyemlea, hunipigia simu kila Jumapili na kuniambia, "Mwanangu, wewe ukiwa naye mimi nalala usingizi." Mama yangu mzazi naye, nilipomdokezea juu juu kwamba mwenzangu ni mgonjwa, alisema alinipeleka kusoma, hakunipeleka kuuguza.

Sasa Shangazi, siku ile ile nilipokwenda kuiona nyumba nilimwambia Twiga nakwenda maktaba. Nikiwa huko akaangukia kule kwenye makaro ya kufulia, wasichana waliokuwepo wakapagawa, mmoja akammwagia maji, mwingine akamlazimishia kijiko mdomoni, wakamvunja kipande cha jino la mbele. Niliporudi nilimkuta amekaa kitandani, mdomo umevimba, anakunja nguo zake kama kawaida. Nilisubiri aniulize nilikuwa wapi. Hakuuliza. Aliniambia tu, "Mwakani tuombe chumba cha chini, ngazi hizi zimenichosha."

Alisema tuombe. Mimi nikajibu sawa, na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimewajibu sawa wale wa nyumba. Kuomba vyumba vya hosteli kunafungwa mwisho wa mwezi. Nimewaza kumchukua tuhame naye, lakini mtaani zahanati iko mbali, mchana nyumba inabaki tupu, na wale wenzangu hawajui chochote na mimi niliapa. Nimewaza nibaki, nivumilie mpaka tumalize. Kila nikikata shauri upande mmoja, usingizi unaniruka. Je, nikihama nitakuwa nimemtupa?

Wako, Binti wa Michoro

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Vuta pumzi kwanza, halafu unisikilize, maana nitakupoza na nitakukaripia, na sitakuambia lipi ni lipi.

Jino la Twiga hukulivunja wewe. Hata usingekwenda kuiona nyumba siku ile, pengine ungekuwa darasani, au kwenye foleni ya chakula, au umelala fofofo baada ya kazi. Hakuna binadamu anayeweza kuwa ubavuni mwa mwenzake saa zote, na aliyekupa zamu hiyo alikupa mzigo mkubwa kuliko umri wako. Mama mdogo wa Twiga ana haki ya kuhangaika, lakini usingizi wake haupaswi kutandikwa juu ya mgongo wako.

Lakini nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta sentensi moja, sijaiona. Umempima matroni, umelipima dirisha, umempima mama mwenye nyumba na mabomba yake. Hukuandika mahali popote kwamba ulimuuliza Twiga anataka nini. Wewe na mama yako na mama yake mdogo mnamzungumza kama sanduku linalotafutiwa pa kuwekwa. Msichana huyu aliishi na ugonjwa wake kabla hajakujua, akasoma nao, akafaulu hesabu zinazowatoa wengine jasho, na siku ya kwanza alipoanguka mbele yako yeye ndiye aliyekufundisha la kufanya. Nani amekuambia hawezi kusikia neno "nahama"?

Ulichomkosea si kutaka nyumba. Unahitaji mahali pa kufanyia kazi yako, na hilo halina aibu. Ulichomkosea ni ile maktaba ya uongo, na ile "sawa" uliyoigawa pande mbili. Kwa kumficha ndiyo umeanza kumtupa, hata kabla hujafunga begi.

Na ile siri, mwanangu. Ni yake, usiivunje wewe. Ila mwambie kweli kwamba siri inayojulikana na mtu mmoja ndiyo iliyomtia kijiko mdomoni. Wale wasichana hawakuwa na ubaya, walikuwa na woga na hawakuwa na habari. Kama angetaka, watu wa zahanati wangejua, matroni angejua, na majirani wawili watatu wangefundishwa, jambo ambalo halichukui hata muda wa kunyoosha shati. Akikataa, ni mwili wake na uamuzi wake. Wewe utakuwa umesema.

Kuhusu hiyo nyumba, usiniambie habari za sebule pekee. Misumeno ya karakana inalia saa ngapi, na wewe unachora saa ngapi? Umewahi kuitembea njia ile jioni, saa utakazokuwa unatoka chuoni? Jiko lenu wenyewe maana yake masufuria machafu yenu wenyewe, na urafiki wa darasani haujawahi kupimwa na sinki lililojaa. Nenda tena siku ya kazi, kaa hapo mchana kutwa, ongea na mpangaji anayetoka. Bado ukiitaka, hamia kwa moyo mmoja. Na ukiamua kubaki hosteli, baki kwa sababu unapataka. Usibaki kwa hatia, maana utaanza kumhesabia Twiga kila taa aliyochelewa kuzima na kila mchoro alioukanyaga, na yeye atakuhisi.

Basi usingoje mwisho wa mwezi. Mwambie leo mchana, mkiwa peke yenu, wala hakuna mwenye haraka ya kwenda popote. Anza na siku ile uliyomdanganya, kisha nyumba. Usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa na usilie ili akubembeleze wewe. Ukimaliza kusema, nyamaza, umsikilize.

UJUMBE ULIOLETWA BAADAYE

Shangazi, jibu lako nililisoma nikakasirika, nikalisoma tena, nikamwambia. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nyuma ya maktaba baada ya chakula. Twiga aliuliza jambo moja tu. "Nilipokuwa chini kule kwenye makaro, wewe ulikuwa unachagua chumba?" Nikasema ndiyo. Akainuka akaenda zake, na wiki ile yote alizungumza nami habari za ufunguo tu.

Kisha jioni moja akawaita mwenyewe wasichana wa ghorofa yetu, na matroni akaja. Walijaa vitandani na mlangoni. Aliwaeleza ugonjwa wake kwa sauti ile ile anayotumia kuwafundisha wenzake hesabu, wala hakumwangalia aliyemtia kijiko, ingawa yule dada alikuwa amejiinamia akilia. Alipofika kwenye kuonyesha, aliniambia mimi nilale sakafuni niwe mgonjwa. Nikalala. Akapiga magoti, akanishika bega na goti, akanigeuza ubavu, akaninyoosha shingo taratibu. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko yangu ilivyowahi kutulia nikimshika yeye, na nikiwa pale chini nikitazama viatu vya watu wote wale nilielewa kwa nini miaka yote hiyo hakutaka kutazamwa.

"Msimshike kwa woga," aliwaambia. "Mshikeni tu, halafu mkae naye."

Amepata chumba cha chini, na mwenzake amemchagua mwenyewe. Simu za Jumapili za mama yake mdogo sasa zinakwenda kwa Twiga mwenyewe. Sijui kama amenisamehe, na sijamuuliza. Mimi nahama Jumamosi. Amesema akimaliza mitihani atakuja kuiona hiyo nyumba.