Mikono ya Baba Kwenye Mteremko

Dada yangu uliyenibeba mgongoni,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Sisi huku wazima, ila shati langu na sifa zangu vyote viko kwenye kamba vinakauka.

Najua umesikia nimezamisha pikapu, maana kwa shangazi habari hailali. Sasa isikie kwangu, dereva niliyerudisha matrela katika bandari ambazo hao wanaonicheka hawajaziona hata kwenye kalenda.

Boti yetu ilianza kuvuja, fundi akataka itolewe majini azibe nyufa. Kazi unaijua: nateremka kinyumenyume kwenye mteremko wa saruji mpaka trela lizame, boti ielee juu yake, tuifunge na kuivuta. Baba akasimama pembeni kuniongoza kwa mikono, kama siku zote. Fundi akaniambia nitazame vioo. Nikamjibu kuwa mikono ya mzee iliongoza vyombo kabla yeye hajaota meno.

Baba akapunga: rudi, rudi, kushoto kidogo. Kioo kikaniambia kushoto saruji imekwisha. Dada, ningemwamini nani, kioo au mzazi? Nikarudi. Trela likatumbukia, likaivuta pikapu, maji yakanifika kifuani. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Fundi akauliza leseni yangu nilipewa au niliokota. Nikasema breki zimekufa, nikacheka nao.

Breki ni nzima. Nilipotokea dirishani nikitema maji, baba alikuwa bado anapunga: rudi, hapohapo, safi. Nikamsogelea karibu kumgusa, naye akaniita kwa sauti kubwa, akiniuliza mbona nimezima injini.

Dada, baba haoni.

Nimemsihi twende hospitali, anasema ni vumbi tu. Nikimbana, anauliza tangu lini mzamisha magari akawa daktari wa macho. Mimi mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, kwa mzee huyu sina hata moja. Anayemsikiliza ni wewe. Njoo, na usimwambie mtu sababu. Mimi waache wanicheke, nimezoea.

Pikapu tumeiopoa. Kesho baba anataka turudie, na ameniambia nisiogope, atasimama palepale. Nimemwomba fundi amshike shati kwa nyuma, nikisingizia kuwa saruji inateleza. Mimi nitatazama kioo, huku nikiitikia kila akipunga: ndiyo baba, nakuona.

Wapwa zangu wabusu, shemeji msalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Nahodha wa Nchi Kavu