Kiota cha Nyigu Ndani ya Mita

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini kifua chako kimetulia tangu baridi ipungue. Mimi nipo. Magoti yananisengenya kila nikiinuka, lakini macho bado yanaona bila miwani, na hayo ndiyo yaliyonitia katika jambo ninalotaka kukueleza.

Unamkumbuka jirani yangu mfuaji, tunayemwita Mama Povu, aliyekufulia sare ulipokuja kunitembelea. Mita yake ya maji iliingia wazimu. Tulijaza ndoo moja, mita ikahesabu mbili. Alipokwenda kulalamika idara ya maji, karani alimwuliza amekuwa mita tangu lini, hata ajue mita mwenzake anadanganya. Watu wakacheka. Hata hivyo alidai ipimwe, maana ni haki yake. Ikang'olewa, ikapelekwa karakana ya upimaji huko mjini kwenu. Muda wote huo alichota kwangu kwa madumu, na kamba zake za nguo zikabaki nusu tupu.

Juzi fundi bomba aliirudisha pamoja na cheti. Kilisema kwamba siku moja kabla, mita ilipitishiwa maji kwa kasi ndogo, ya wastani na kubwa, ikalinganishwa na tangi la kipimo, na ni sahihi. Basi mwongo ni Mama Povu. Alipe yote au bomba lizibwe. Na mfuaji bila maji ni nini? Alikwishaanza kufungua kamba zake ukutani ili ahame.

Fundi aliniomba nimshikie mita huku akisugua kutu kwenye bomba. Nikachungulia mdomo wa mita, pale maji yanapoingilia. Ndani kulikuwa na kiota cha nyigu, udongo mkavu uliofinyangwa vizuri, umeziba njia yote. Nyigu hajengi kwa siku moja, wala hajengi ndani ya gunia linalorukaruka njiani. Mita ile ilikaa rafuni. Maji ya kasi ndogo tu yangeukoroga ule udongo ukawa uji.

Fundi alisema, bibi, hilo ni vumbi la safari, akatoa bisibisi alitoboe. Nikaikumbatia mita. Akanikaripia kwamba hiyo ni mali ya umma. Nikamjibu basi atulie, umma umeishika.

Unajua nimeishi ugenini miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu. Siku tulipovuka mpaka, karani aliniandikia umri bila kuniuliza, na mahali pa kuzaliwa ambapo sijapaona mpaka leo. Nilipomsahihisha alisema imeshaandikwa. Tangu hapo nawachukia watu wanaoandika wasichokiona. Nawachukia hasa.

Sasa nikwambie kwa nini nakuandikia wewe, si mkubwa wako wa kazini. Mita ina lakiri ya risasi, ule muhuri mnaoubana kwa koleo mkishapima, na kwenye lakiri kuna alama ya koleo lako, yule samaki mdogo uliyenionyesha kwa fahari ulipopandishwa cheo, ukasema hakuna mpimaji mwingine mwenye alama hiyo. Wewe! Mtoto niliyefika naye huku nikiwa na sufuria moja na yeye tu! Umemwita mwanamke mwongo bila hata kufungua bomba.

Mama Povu alipojua, alinisihi ninyamaze. Alisema ndugu ni ndugu, vyumba vya kupanga vipo. Maneno hayo yalinichoma kuliko cheti chako.

Nimeshamweleza mwenyekiti wa baraza la malalamiko kwamba alama ile ni yako, na wewe ni wangu. Kikao ni Alhamisi. Usinipigie simu, sitapokea. Njoo useme mbele ya watu kwamba hukuipima, kisha uipime wakiona. Usipokuja nitasema mimi, na nitataja jina lako lote, pamoja na la baba.

Wabusu watoto. Wifi akilia, mwambie nililia kabla yake. Kitanda chako nimekitandika.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira na hamu ya kukuona.